Kompyuta Kati ya Majembe

Tulipotoka kwenye misa ya arobaini ya Bi Skola, Masanja alinikuta uani nikihangaika na miiba ya mgebuka, samaki wa Tanganyika, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Huyu hapa Leokadia, mganga wa kompyuta wa Bi Skola." Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa nilitaka kwanza kumuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo. Kipara kimemwingia na kitambi kinamtangulia, lakini mdomo ni ule ule. Wajukuu wa marehemu wakataka kujua ni uganga gani huo, maana wao walimjua bibi yao kama mzee wa rozari na maua ya bustani, si mtu wa mashine. Masanja akaanza kuwasimulia, akakosea kama kawaida yake na kujivika sifa zisizo zake, ikabidi nimnyang'anye hadithi. Haya ninayoandika ndiyo niliyowasimulia pale uani, pamoja na yale niliyoyaruka kwa sababu ugali ulikuwa unapoa.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya kumaliza kidato cha nne, na jina langu halikutokea kwa waliochaguliwa kuendelea. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na wafanyakazi wanapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Bi Skola alikuwa mpiga chapa katika mojawapo ya mashirika hayo. Wenzake waliopunguzwa naye walinunua mashine za kusaga, wengine wakafungua baa, mmoja akaoa mke wa pili na mambo yake yakaishia hapo. Bi Skola alipanda basi hadi Dar es Salaam, akarudi na kompyuta nne za mtumba amezifunga mablanketi, akaziweka sebuleni kwake Chanji, mtaa wa Sumbawanga, na kupachika kibao mlangoni: mafunzo ya kompyuta, kupiga chapa, kadi za harusi. Makochi aliyahamishia chumba cha kulala, kwa hiyo ukitaka kwenda kitandani mwake unapanda juu ya makochi kwanza. Kila kompyuta aliishonea kitambaa cheupe cha kufuma kama vile vya redio, chenye maua pembeni. Mimi alinichukua kufagia, kupika chai ya tangawizi na kuwaonyesha wanafunzi herufi zilipo, kwa kuwa nilijifunza haraka kuliko yeye alivyotegemea. Nililala chumba cha nyuma penye magunia ya ulezi, na sijawahi kulala vizuri kama mwaka ule.

Shida yetu ilikuwa virusi. Wateja walileta disketi zao kutoka kila pembe, na kila disketi ilikuja na mgeni wake. Mfumo uliokuwemo kwenye mashine zile ulikuwa wa kunakili, nakala ya nakala, ukianguka unatafuta mtu wa kukuletea nakala nyingine, nayo inakuja imeshaugua. Ndipo akaingia Masanja. Wazazi wake walihama na ng'ombe kutoka Usukumani wakashukia huko bondeni Rukwa, yeye mwenyewe akakimbilia ufundi Mbeya, na sasa alikuwa amepanga chumba jirani akitengeneza redio. Bi Skola alimwita "Msukuma wangu", naye alimwita Mama, na walitaniana toka chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni. Alitazama mashine zetu, akatikisa kichwa, akaenda kwake kuleta sidii aliyonakiliwa na rafiki yake wa chuo. Akasema ndani yake mna mfumo ambao virusi vya mjini havijui hata pa kugonga hodi.

Leo nikiwatajia vijana Linux, wengi wameisikia. Huu wetu ulikuwa wa ukoo mwingine, ukoo wa BSD, ambao hata mafundi wengi hawaujui, na mtu akiujua anakutazama kama mmekutana ugenini mkagundua mnatoka kijiji kimoja. Ulikuwa wa bure, na si wa bure tu: maandishi yote yaliyouunda yalikuwa wazi, unaweza kuyafungua ukayasoma mstari kwa mstari, ukayabadilisha, ukajijengea mfumo wako upya. Haukuwa na madirisha wala picha za kubonyeza. Ulikuwa kioo cheusi na herufi nyeupe, unaandika amri, unajibiwa. Bi Skola aliupenda siku hiyo hiyo, akasema umekaa kama taipureta yake, hauna maringo. Mimi niliupenda kwa sababu haukunificha kitu. Shuleni niliambiwa kariri. Pale kila nilichouliza kilikuwa na jibu limeandikwa mahali fulani humo humo ndani, kwa Kiingereza kigumu, lakini limeandikwa. Nilikuwa nakoroga uji huku kamusi iko gotini.

Kuujenga upya, Masanja alikuita kusaga, na sisi tukafuata. "Leo tunasaga," anasema asubuhi, na hapo hakuna anayegusa ile mashine kubwa iliyokuwa karibu na dirisha, maana ndiyo iliyotunza kazi zote na ndiyo iliyolisha zile tatu nyingine. Maandishi yanapanda kioo kizima mfululizo, mashine inanguruma, chumba kinapata joto, na kwa baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa sita wanafunzi waligombea kiti cha jirani nayo. Umeme wa mji ulikuwa wa majenereta ya dizeli, unakuja kwa zamu. Ukikatika katikati ya kusaga tunapiga kelele za huzuni, Bi Skola anasema haya, twendeni tukachambue maharage. Ukirudi, mashine inajikagua kwanza yenyewe, kama mtu aliyedondosha kikapu sokoni anavyohesabu nyanya zake, kisha tunaendelea palipobaki. Masanja hakuwa mvumilivu wa kukaa na kazi hiyo. Aliianzisha akaondoka, anayebaki ni mimi, na kwa kubaki nikajifunza kujua kipi ni kosa la kweli na kipi ni kelele tu.

Sasa, mfumo ule una nembo yake. Waliouunda huko ng'ambo, kwa mzaha wao, waliuchorea shetani mdogo mwekundu, mnene, anachekacheka, ana pembe na uma mkononi, na miguuni amevaa raba. Sisi hatukumjali, kwetu alikuwa kama simba kwenye kiberiti. Lakini Masanja aligundua kwamba mashine ikikaa bila kuguswa inaweza kumtoa yule shetani kwenye kioo, amechorwa kwa herufi na alama, akatembea taratibu huku na huku mpaka mtu aguse kitufe. Akamwasha. Tulicheka sana. Na Bi Skola, mtu wa jumuiya na komunyo kila Jumapili, alicheka kuliko sote, akasema huyu anafanana na bosi wangu wa zamani.

Kisha akaja Mama Yustina. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa jumuiya yetu, jirani mwema, na bintiye Yustina alikuwa mwanafunzi wetu. Alikuja kuchukua karatasi za nyimbo za kwaya tulizompigia chapa. Bi Skola alikuwa shambani, mimi nikaenda nyuma kuzifuata. Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya ile mashine kubwa, mkono kifuani, na yule mwekundu anakatiza kioo kwa madaha yake. Hakupiga kelele. Alichukua karatasi zake, akaniaga vizuri, akatoka kinyumenyume.

Upande wa pili wa ukuta wetu kulikuwa na saluni, na ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali yaliyopangwa kwa haraka, kwa hiyo waliosuka kule tuliwasikia kama wamekaa mapajani mwetu. Siku mbili tatu baadaye nikasikia msusi anauliza, anatembea kweli? Anatembea, akajibiwa, tena ana uma. Tena amevaa raba. Msusi akauliza raba za rangi gani. Nilitaka kucheka, lakini waliendelea. Wakasema ndiyo maana kompyuta za Skola haziugui kama za wenzake. Wakasema kazi zake anafanyiwa, ndiyo maana zinatoka haraka hivyo. Mjue mji wetu wenyewe, Sumbawanga, kwa jina lake unamwambia mgeni atupe uchawi wake kabla hajaingia; jambo la namna hiyo kwetu halipiti hivi hivi. Mama Yustina alimwondoa bintiye. Wiki iliyofuata wakaondoka wengine, kwa adabu zote, wengine wakisema ada imewashinda, wengine kuna kilimo. Tukabaki na chumba chenye joto na viti vitupu.

Picha tuliizima siku ile ile, ni mstari mmoja tu wa kufuta. Haikusaidia. Walisema sasa amejificha ndani. Bi Skola alianza kula kidogo. Jioni moja, mbele ya sahani ya ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando ambao kwa kawaida angeumaliza na kulamba vidole, alituambia kuna mfanyabiashara wa Tunduma anazitaka mashine zote nne. Wanafunzi wasiporudi kabla ya Krismasi atamuuzia, naye atarudi kwenye jembe. Kwangu hilo lilikuwa na maana moja: narudi kijijini kwetu Mpui kupalilia, na ule ulimwengu wa kioo cheusi naufunga kama ndoto. Nililia wakati naosha vyombo, na Masanja akanifanyia hisani ya kujifanya haoni. Yeye alikuwa ameshapata kazi Dar es Salaam, anasubiri tu siku ya kuondoka.

Wazo lilikuwa la Bi Skola mwenyewe. Mvua zinapokaribia, kwetu watu hupeleka mbegu kanisani zibarikiwe: mahindi, ulezi, maharage, na majembe juu yake. Akasema, jembe langu mimi ni hili hapa, akaonyesha ile mashine kubwa. Alikwenda kuzungumza na padre msaidizi, kijana mchangamfu, naye akamwambia ameshabariki trekta, ameshabariki mashine ya kusaga, na harusi kadhaa ambazo zilihitaji baraka kuliko hiyo kompyuta, alete tu. Masanja akashika kichwa. Padre yule alijulikana kwa mkono mzito wa maji ya baraka: haoni raha mpaka waumini wa nyuma walowe. Maji yakiingia ndani ya mashine ndiyo basi tena. Akashauri tuifunge nailoni. Mimi nikasema angalau kile kitambaa cha kufuma. Bi Skola akatutazama wote wawili kama watoto.

"Nikimfunika," akasema, "watasema ameogopa maji."

Jumamosi tulikuwa tunasaga umeme ukakatika, haukurudi, na Jumapili asubuhi tukaibeba kwenye toroli ikiwa kichwa wazi, kioo chake kimefungwa blanketi njiani tu kwa ajili ya vumbi. Masanja alisukuma, mimi nikashikilia, Bi Skola akatangulia amevaa gauni lake la Pasaka. Tuliiweka mbele ya altare kati ya vikapu vya ulezi na majembe yaliyooshwa. Nakumbuka fukusi mmoja wa mahindi akitembea juu ya kitufe cha kuwashia. Watu walinyoosha shingo. Wengine walihamia viti vya nyuma, na Mama Yustina, nimsifu kwa hilo, alikaa mbele kabisa. Padre alisoma sala, akachovya, akanyunyiza mbegu, akanyunyiza majembe, akafika kwetu. Akachovya tena. Ile haikuwa kunyunyiza. Niliona maji yakitiririka kwenye matundu ya pembeni, na moyo wangu ukatiririka nayo.

Misa ilipokwisha hakuna aliyeondoka. Mwanamume mmoja akasema basi iwashwe tuone. Sauti nyingi zikamuunga mkono, iwashwe, iwashwe, jenereta la parokia si lipo? Na Masanja, ambaye hakuwahi kuvumilia kutazamwa na watu bila kufanya kitu, akachukua waya na kuanza kutafuta soketi. Nilijua, kama yeye alivyojua, kwamba mashine iliyolowa ukiiwasha inaungua papo hapo, na ikiungua mbele ya altare baada ya maji ya baraka, hakuna lugha duniani ya kuwaeleza watu wale. Nilikuwa msichana wa kujibu nikiulizwa. Kanisani nilikuwa sijawahi kusema zaidi ya amina. Lakini nilimshika Masanja mkono, nikajikuta nimewageukia.

"Mbegu zenu mnapanda leo?" nikawauliza.

Wengine wakavitazama vikapu vyao.

"Nyumbani kwetu mbegu ikitoka kubarikiwa inalala kwanza. Baba hawezi kuitoa kanisani akaifukia njiani. Na hii ilale. Ikikauka tutaiwasha, mje mtazame wote, mkae mpaka mridhike."

Mzee mmoja aliyekuwa na kikapu cha ulezi akasema binti amesema kweli. Padre akadakia kwamba hata yeye hufua kanzu akaiacha ikauke kabla ya kuvaa. Watu wakacheka, joto likapungua, majembe yakaanza kuchukuliwa. Masanja akaninong'oneza, "Mshikaji, umeniokoa." Bado naona fahari nikikumbuka.

Tuliifungua nyuma ya nyumba, tukatandaza vipande vyake juu ya mkeka kandokando ya ulezi wa Bi Skola. Upepo wa Ufipa unakausha chochote, ukichelewa unakukausha na wewe. Bi Skola alikaa na fimbo kufukuza kuku, na akipita mtu barabarani alimwamkia kwa sauti na kumwonyesha: huyu anaota jua. Masanja aliondoka na basi la Mbeya kabla haijakauka. Aliniachia bisibisi na ile sidii, akaniambia jambo lolote likitokea nisome maandishi taratibu, yenyewe yatasema yanataka nini. Nikamwambia ahsante kwa ushauri wa mtu anayekimbia. Tulicheka, kisha nikamkumbatia, jambo ambalo Bi Skola alilitaja kila Krismasi hadi anakufa.

Siku ya kuiwasha chumba kilijaa. Viti vitupu vilipata watu, na wengine walisimama dirishani. Mama Yustina alipewa kiti cha mbele. Nikabonyeza. Ilinguruma, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, maandishi yakaanza kupanda, watu wakaguna kwa kuridhika. Kisha yakasimama. Nilikuwa nimesahau kwamba mara ya mwisho ilipozimika haikuzimwa na sisi, ilizimwa na umeme katikati ya kusaga. Sasa ilijikagua, ikakuta mambo yaliyovurugika kuliko uwezo wake, ikakataa kuendelea. Mstari wa mwisho ulisema kazi hii aifanye mtu kwa mkono. Masanja alikuwa Mbeya au mbele zaidi.

"Imekuwaje?" akauliza Bi Skola, taratibu mno.

"Inaniuliza kitu," nikasema.

Nilisoma taratibu. Nikaandika amri ya kuikagua. Ikaanza kuuliza maswali yake, moja baada ya jingine: hiki kimekatika, nikirekebishe? Ndiyo. Hiki hakina mwenyewe, nikihifadhi pembeni? Ndiyo. Sikujibu hata moja kabla ya kulielewa, na watu walisubiri, maana hata wasiojua kusoma waliona kwamba pale pana mazungumzo na anayeombwa ruhusa ni mimi. Swali la mwisho likajibiwa. Nikaiwasha upya. Herufi zikapanda, zikapanda, zikafika mwisho wake wa kawaida, pale inapouliza wewe ni nani. Bi Skola aliketi chini kwa uzito, akajifuta uso kwa khanga.

Wengi walitaka kwenda zao, lakini Mama Yustina alisema yeye anangoja. Aliniambia nisiiguse, kwa kuwa siku ile alimwona ilipokuwa haijaguswa. Haki yake. Nilileta chai na viazi vya kuchemsha, tukakaa, sisi watatu na waliobaki, tunatazama kioo cha kompyuta kama tunachunga maziwa yasifurike. Kikafifia, kikawa cheusi kabisa. Tukala. Hapakutokea mtu. Mama Yustina alimaliza kikombe, akaongezwa kingine, akakimaliza nacho.

"Ametoka kweli," akasema. Kisha akafikiri, na sura yake ikaingia wasiwasi wa aina mpya, wasiwasi wa mtu anayejali jirani yake. "Skola, na zile kazi alizokuwa anafanya, sasa atafanya nani?"

Bi Skola alinigeukia mimi, na hakuwa anatania.

"Mimi, mama," nikasema.

Mama Yustina akaweka kikombe chini, akaenda mlangoni, akamwita bintiye aliyekuwa anangoja nje, akamwambia aingie akae karibu na Leokadia.